Mbwa Zako Wameacha Kuchimba

Dada Asha,

Amani iwe juu yako huko uliko, chini ya udongo ule tuliokufunika kwa mikono yetu. Mi ni Ramazani, mdogo wako, fundi wa magari wa Buyenzi, yule ambaye wakubwa wa serikali wakisikia injini inakohoa wanauliza kwanza Ramazani yuko wapi. Sawa, napunguza: mkubwa mmoja, na ilikuwa pikipiki.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Shule niliiacha darasa la sita, na barua ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya kumwomba Mama Shabani akubali nimwoe, na hata ile ulinisahihishia wewe. Hii haina wa kuisahihisha. Ukikuta herufi imeruka, iokote uendelee kusoma.

Nakuandikia nimekaa uwanjani kwako Gasenyi, kwenye kile kiti cha plastiki kilichovunjika mkono. Jana tumemaliza arobaini yako. Mikeka imekunjwa, sufuria za watu zimerudi kwa wenyewe, na Zuhura wako amelala ndani mchana huu, mara ya kwanza tangu uondoke. Mbwa zako wako miguuni pangu. Kapita anakoroma. Sukari anaangalia kalamu inavyokwenda kama vile ni mfupa. Na uwanja, Dada, uwanja umelala sawa kama meza.

Hiyo ndiyo habari niliyotaka kukuletea. Lakini haikuja hivi hivi.

Pale hospitali, siku ile Zuhura alipotoka kutafuta uji, ulinishika kidole kimoja tu, maana nguvu za kushika mkono mzima zilikuwa zimekwisha. Ukasema, "Ramazani, mbwa zangu usiache wafukuzwe." Nikakuapia. Nikakwambia mbwa wote wa Bujumbura wananijua, nikipita wanasimama mguu sawa. Ukacheka bila sauti. Ukasema neno lako lile lile la tangu utoto wetu: "Punguza, Ramazani." Ndilo la mwisho uliloniambia. Wengine wanaachiwa nyumba, mi nimeachiwa punguza.

Juma la kwanza walilala mlangoni kwako, kimya. Siku ya nane wakaanza kuchimba. Mashimo yalikuwa mia. Kumi na saba, sawa, lakini moja lilikuwa refu mpaka nilitumbukiza kamba ya kuvutia magari nikasikia samaki wa Tanganyika wanaivuta upande wa pili.

Kaka Saidi, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu peke yake, alikuja Ijumaa kukusomea Yasini. Unajua anavyotembea, kifua mbele, macho juu kama anatafuta mwezi. Mguu wake ukaingia shimoni mpaka gotini. Kofia ilifika kwa jirani. Haya, ilifika ukutani. Fimbo ilimwokoa asianguke, lakini kanzu nyeupe ilitoka pale ina rangi ya matofali. Akakusomea Yasini yako yote kwanza, hakuruka hata aya moja, kisha ndipo akasema. Arobaini itakuwa hapa hapa uwanjani. Wazee wa Buyenzi watakuja kukaa kwenye mikeka. Kama siku hiyo kutakuwa na shimo hata la kutosha kikombe, mbwa wanaondoka. Kuna mtu anayemfahamu huko milimani anatafuta mbwa wa kulinda kahawa yake.

Zuhura alikuwa anafagia, akaacha. Aliniangalia mimi. Mtoto wako ana macho yako yale ya kuomba bila kuomba. Nyumba hii ni ya mwisho kabla ya mashamba, mume wake yuko Kigoma anatafuta kazi, yeye yuko hapa na mtoto mchanga, na usingizi wake wote uko kwenye sikio la Kapita. Basi nikasimama. Nikasema, "Kaka, nipe juma moja. Mi nimeziba radieta zilizooza, nitashindwa na shimo la mbwa?"

Juma moja. Ningesema mwezi. Lakini mdomo wangu unaujua, unatangulia, mi nafuata nyuma naomba radhi.

Nilianza na mawe. Kila shimo nililijaza mawe, nikashindilia kwa nyundo kubwa, juu nikalaza udongo. Mjenzi wa barabara angeona angelia kwa wivu. Kesho yake nikakuta mawe yangu yako salama kabisa, na pembeni ya kila rundo kuna shimo jipya.

Nikasema mkosaji ni Sukari, kwa kuwa ni kijana, ana miguu ya haraka na uso wa mwizi. Kapita ni mzee, ana mvi mdomoni, ana heshima zake. Nikamfunga Sukari kwenye nguzo ya tangi la maji siku mbili. Mashimo yakaongezeka. Siku ya tatu nikajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikamwona Kapita anakuja pole pole kama mzee anayekwenda msikitini. Akazunguka mara mbili, akatazama kushoto, akatazama kulia, halafu udongo ukaanza kuruka. Nilimwomba Sukari msamaha kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kwa sababu sikujua wewe ulikuwa unasema naye lugha gani.

Nikahamia kwenye pilipili. Nilileta ile kavu, ambayo ukiitaja tu Mama Shabani anapiga chafya chumba cha pili. Nikaitwanga, nikasimama katikati ya uwanja, nikaimwaga kama mtu anayelisha kuku. Upepo wa ziwa ulisubiri mpaka nifungue mkono wote. Dada, nilikaa chini pale pale. Sikuona dunia tena. Na mi ambaye msibani sikutoa hata tone, kwa sababu nilikuwa nabeba jeneza, naelekeza magari, nawaambia watu jinsi ulivyonipenda kuliko wote, nikajikuta nalia. Sijui pilipili iliishia wapi na wewe ulianzia wapi. Zuhura alikuja na birika la maji akamwosha mjomba wake uso kama mtoto. "Pole Tonton," akasema, "ni pilipili." Nikasema ndiyo, ni pilipili. Akakaa chini kando yangu, naye ikamwingia. Upande aliokaa yeye pilipili haikuwa imefika.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Mafuta ya gari yamekuwa shida mjini, magari yamelala, watu wanatembea kwa miguu, na garaji yangu siku nyingine naifungua ili iingie hewa tu. Kitu nilichobaki nacho kwa wingi ni oili chafu, ile nyeusi tunayoimwaga tukibadilisha oili ya injini. Kwetu Buyenzi hiyo ni dawa ya kila jambo. Tunapaka mbao ili mchwa asile, tunapaka bawaba, kuna mtu alimpaka mbuzi mwenye upele, na mbuzi akapona. Nikajiambia, mbwa gani atapenda kuchimba kwenye oili? Nikaleta madumu mawili kwa baiskeli, nikatia kila shimo kidogo, na kule karibu na ukuta, ambako Kapita alikuwa anapapenda sana, nikamwaga dumu karibu zima.

Kule karibu na ukuta ndipo ulipokuwa mchaichai wako.

Sikuuona, Dada. Apana, niliuona. Nilifikiri ni majani. Mimi niliyekunywa chai yake miaka yote hii, sikuwahi kujua kwamba inatoka hapa hapa uwanjani. Chai ilikuwa inakuja tu kwenye sinia, wakati mi naongea.

Baada ya siku nne ulikuwa wa njano. Siku ya sita ulikuwa wa kuwashia moto. Na mbwa je? Kapita alikwenda kulala kwenye ile oili ili apoze tumbo, akaamka mweusi kama mkaa, kisha akajifuta kwenye mikeka ya arobaini ambayo Zuhura alikuwa ameiosha na kuianika. Zuhura hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema tu kwamba ulikuwa umemwambia, chai ya siku yako iwe ya mchaichai wako mwenyewe.

Nikachukua koleo. Udongo ulioingia oili lazima utoke, la sivyo pale hakutaota kitu mpaka kiama. Nilichimba tangu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Kapita alikaa juu ukingoni anaangalia kazi. Jina ulimpa kwa haki, msimamizi wa kweli hashiki koleo. Shimo likanifika kifuani. Sawa, kiunoni. Na hapo ndipo Kaka Saidi akaingia.

Alisimama na fimbo yake. Akamwangalia Kapita aliyekaa kwa adabu. Akamwangalia Sukari aliyelala. Akaniangalia mimi, ndani ya shimo kubwa kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa uwanjani hapa, mweusi mpaka masikioni.

"Kumbe mbwa ni watatu," akasema.

Juma langu lilikuwa limeshapita. Alihesabu kwa vidole siku zilizobaki kufika arobaini, akanionyesha vidole vinane, akaondoka.

Nilipotoka shimoni Zuhura aliniletea maji ya kunawa, na hapo akaniambia jambo, kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kunivunjia heshima. "Tonton, mama alikuwa anatoka nao kila asubuhi." Nikauliza kwenda wapi. Hakujua. Yeye alikuwa bado amelala. Anajua tu kwamba ulikuwa unatoka baada ya kuswali alfajiri na kurudi jua limeshapanda, mbwa miguu imejaa mchanga, wanakunywa maji, wanalala mpaka alasiri. Tangu uugue, jirani aliwatembeza kidogo, halafu akachoka. Tangu ufe, hakuna aliyewafungulia lango.

Mi nimekuja kwako kila Jumapili, miaka kumi na miwili. Nilikuja saa za chakula. Nilijisifu Buyenzi nzima kwamba hakuna mutu anakujua kama mi. Na asubuhi zako, Dada, sikuzijua hata moja.

Kesho yake nikaswali, nikavaa nguo yangu ya kazi ya zamani, nikapanda baiskeli mpaka huku. Ile kamba ya kuvutia magari niliikata vipande viwili. Nilitaka tupite barabara kubwa ili watu waone. Mbwa walikuwa na mpango wao. Walinikokota kama gari lililokufa betri. Tukapita kwa yule fundi cherehani, wakakata kushoto bila kuniuliza, na mbele ya kibanda kimoja wakakaa chini, wote wawili, mikia inafagia vumbi.

Akatoka mama mmoja mnene na mwiko wa mandazi mkononi. Aliwaangalia mbwa. Akaniangalia mimi. Akauweka mwiko chini.

"We ni ndugu yake Mama Zuhura," akasema. "Yule wa viboko."

Nikamuuliza viboko gani. Huku anacheka, huku anajifuta macho kwa kitenge, akanieleza: yule aliyekutana na viboko watatu kando ya ziwa, akawapigia honi kwa mdomo, wakampisha njia, na wa tatu akainamisha kichwa kumuaga.

Dada. Mi nilikwambia kiboko mmoja. Na ulinikatiza kabla sijamaliza, ukasema punguza, Ramazani, hata huyo mmoja alikuwa jiwe. Kumbe ulikuwa unakuja hapa asubuhi, watu wa kibanda wanakungoja na vikombe vyao, na unawapa watatu.

Mama Goreti, ndilo jina lake, alinisimulia hadithi zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzuri kuliko nilivyozitoa. Ile ya lori nililolirudisha kutoka Rumonge kwa mshipi wa suruali badala ya mkanda wa feni. Kwako wewe mshipi ulikuwa wa shehe, na shehe mwenyewe alikuwa ndani ya lori, ameshika suruali kwa mikono miwili mpaka Bujumbura. La shehe halikuwahi kunijia kichwani. Mbele yangu ulipunguza, nyuma yangu uliongeza. Nilisimama pale na andazi mkononi mpaka likapoa.

Mbwa walipopewa kila mmoja andazi lake la jana, wakanivuta tena, mpaka chini mtoni, pale penye mchanga. Nikawafungua. Na pale wakachimba. Hawakuwa wanatafuta kitu. Walichimba kama watu wanavyocheza ngoma, mchanga unaruka mpaka majini, Sukari anaingiza kichwa chote, Kapita anamkoromea ampishe. Walipochoka, Kapita akalaza tumbo kwenye shimo lake la mchanga mbichi, akafumba macho. Nikaelewa hata ile ya kulala kwenye oili, alikuwa anatafuta ubaridi huu. Nikakaa kwenye jiwe moja lililo laini juu. Nafikiri ndilo ulilokuwa unakalia, maana Sukari alikuja kuweka kidevu gotini pangu bila kuitwa.

Tuliporudi, wakanywa maji, wakalala. Siku ile niliziba mashimo yao yote, na uwanja haukuguswa. Wala siku iliyofuata. Walikuwa na kazi yao, sisi tukawafungia lango.

Siku ya tatu muuza vipuri wa mtaa wetu alipita huku akanikuta nakokotwa. Kabla ya adhuhuri garaji zote zilijua. Mmoja akaniuliza injini yangu mpya inakula mifupa mingapi kwa siku. Mwingine akasema, "Fundi, wewe unawafuga ao wao wanakufuga?" Nilianza kuwaambia ni mbwa wa askari, nimeombwa kuwajaribu. Sikumaliza. Nikasema ni mbwa wa dada yangu. Yule wa mifupa akanisogezea kiti.

Mama Shabani naye ameniwekea sheria. Siingii ndani kabla ya kupita kwenye bomba la nje. Ulimi wa Sukari hauna mipaka, na mate ya mbwa unajua hukumu yake, mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama Shabani anahesabu kutoka dirishani, nikiruka moja ananirudisha mwanzo. Udongo natoka nao huku huku, kwenye mfuko, nimeuchota shimoni kwa Kapita. Aliyechafua alete sabuni.

Kuhusu mchaichai, nilimwambia Mama Goreti ukweli wote, mpaka rangi ya dumu. Alinivuta mkono nyuma ya kibanda. Kuna kichaka pale, kikubwa kama kondoo. Ulimpa shina moja, anasema, mwaka ule mvua ilipokuwa nyingi. Alikata nusu kwa panga, akaing'oa na mizizi yake, nikaibeba begani, mbwa mbele, mi nyuma nanukia chai. Nikaipanda pale pale karibu na ukuta, kwa udongo mpya nilioubeba kutoka mtoni. Shimo lilikuwa tayari.

Basi jana. Asubuhi niliwapeleka mbwa mbali zaidi, tukavuka mto hadi ng'ambo. Khitma nzima walilala nyuma ya jiko. Hata amina zilipopanda, Kapita hakuinua sikio. Kaka Saidi alikuja kabla ya wageni, akaupima uwanja kwa ncha ya fimbo, hatua kwa hatua, kama dereva anayejaribu njia ya matope. Alipofika ukutani akasimama mbele ya mchaichai. Aligusa jani moja kwa kidole. Baadaye, chai ilipozunguka, akanywa funda moja akabaki ameshika kikombe hivyo. Ile ladha anaijua.

"Ramazani," akasema, "nani amekufundisha?"

Wazee wote wakageuka. Na hadithi ilikuwa tayari, Dada, ilikuwa tamu: kulikuwa na Mbelgiji, daktari wa mbwa, amekuja kwa ndege yake mwenyewe, gari likamharibikia mbele ya garaji yangu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikasema, "Asha."

Kaka Saidi alimaliza chai iliyobaki kikombeni. Kisha akasema, "Basi wabaki." Akaomba kikombe cha pili. Na watu walipoondoka, akanipa sahani ya mifupa niwapelekee, akaniambia nisiseme imetoka kwake. Nimekwambia wewe tu.

Sasa nafunga. Karatasi inakwisha, na Sukari ameshalamba kona ya chini, itabidi nipite bombani. Mungu akupanulie hapo ulipolala, dada yangu, akupe ubaridi kama ule wa mchanga wa mtoni asubuhi.

Nakuahidi kila asubuhi, maadamu magoti yangu yanakunjika. Mafuta yakirudi mjini na garaji ikajaa, wateja watasubiri jua lipande. Kwa Mama Goreti nitasimama kila siku, mi nitasimulia, na yeye atanirudisha kwenye njia uliyopita wewe. Lori la Rumonge litabaki na shehe wako ndani. Na viboko, sikufichi, leo asubuhi nilitaka kuwafanya watano, kibanda kilikuwa kimejaa. Nikajizuia.

Watabaki watatu, kama ulivyowaacha.

Mdogo wako,
Ramazani